Barua za karatasi nyepesi: namna ya kuzifungua, kuzisoma na kuzitunza

Bati la biskuti la shangazi yangu lilikaa juu ya kabati, nyumbani kwake Ng'ambo, Tabora, kwa zaidi ya miaka arobaini. Ndani yake mna barua za baba mdogo, alizoziandika tangu mwaka 1974 alipokwenda kusoma Ujerumani Mashariki, na chini kabisa kuna bunda la nakala za babu, ambaye alikuwa karani wa reli. Siku aliponikabidhi bati lile shangazi aliniambia, "Mwanangu, shika taratibu, humo mna watu."

Barua ya kwanza niliifungua kama mtu anavyofungua risiti ya dukani. Ikapasuka kwenye mkunjo, kutoka ukingo hadi ukingo, bila hata sauti. Ya pili niliona niiwahi kabla haijafika huko, nikaipeleka kwenye duka moja la vifaa vya ofisi wakaifanyie lamineshini, kama tunavyofanya kwa vyeti vya shule. Mashine iliimeza kwa pembe, ikaikunja, ikaitoa imegandishwa ndani ya plastiki ikiwa na makunyanzi ambayo hayatatoka tena. Maneno yote yamo, ila mstari wa tatu umelaliwa na wa nne, na hakuna wa kuutenganisha.

Tangu hapo nimejifunza kwa kusoma, kwa kuuliza na kwa kurudia mpaka mkono ukazoea. Barua sitini na kitu zilizobaki zote zimefunguka, zimepigwa picha na zimelala salama. Haya hapa ni yale ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata, na kwa vifaa vinavyopatikana Tabora au Kigoma.

Jua unachoshika

Karatasi ya A4 tunayotumia leo kwenye mashine za fotokopi huwa na gramu 80 kwa kila mita ya mraba, na karatasi moja ina uzito wa gramu tano. Karatasi nyepesi ya barua ilikuwa na gramu 25 hadi 39 kwa mita ya mraba, hivyo ukikata ya ukubwa uleule haifiki gramu mbili na nusu. Kwa Kiingereza jina lake ni ganda la kitunguu, na jina linaifaa: ukiweka kidole nyuma yake unakiona, na ukiitikisa inalia kama ganda kavu.

Wembamba huo uliletwa zaidi na nauli ya ndege. Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, lilianza kufikisha barua za ndege Mwanza mwaka 1931, na mwaka 1932 njia ikaendelea hadi Cape Town kwa kupitia Dodoma na Mbeya. Tabora ilikuwa imekaa katikati, reli ya Mwanza upande mmoja na ya Dodoma upande wa pili. Mwaka 1937 Uingereza ilipoanza mpango wa kusafirisha barua za himaya yake kwa ndege bila nyongeza ya bei, kipimo cha nauli kilikuwa nusu aunsi, yaani kama gramu 14. Piga hesabu mwenyewe. Karatasi mbili za leo pamoja na bahasha ya kawaida zinakaribia kukimaliza kipimo hicho. Kwa karatasi ya gramu 30 na bahasha nyepesi unaweza kutuma karatasi sita. Kwa mtu aliyekuwa na habari za mwaka mzima, tofauti hiyo ilikuwa kubwa.

Kwenye masanduku ya kwetu utakutana hasa na aina tatu, na kila moja ina maradhi yake.

Ya kwanza ni karatasi ya ndege ya kawaida, iliyotoka kwenye bunda la kuandikia, ikakunjwa na kutiwa katika bahasha yenye kingo za mistari ya bluu na nyekundu. Mara nyingi imeandikwa pande zote mbili. Tatizo lake ni mikunjo na wino unaoonekana kutoka nyuma.

Ya pili ni erogramu, ile karatasi moja, mara nyingi ya rangi ya bluu hafifu, inayoandikwa ndani kisha ikakunjwa na kujigeuza bahasha, stempu ikiwa imekwisha kuchapwa juu yake. Iraki ndiyo iliyotangulia kuitoa, mwaka 1933. Mwaka 1941 Waingereza wakawapa askari wao walioko Mashariki ya Kati karatasi ya namna hiyo, na mwaka 1952 Umoja wa Posta Duniani ukakubali rasmi jina la erogramu. Ilikuwa rahisi kuliko barua ya ndege yenye bahasha, kwa sharti moja: usitie kitu ndani. Ukitia picha au noti, barua inaondolewa kwenye ndege na kwenda kwa njia ya kawaida. Tatizo lake ni ulimi wenye gundi, yaani kile kipande cha kukunja na kufungia, na vipande vilivyokatwa wakati wa kuifungua.

Ya tatu ni nakala ya kaboni. Mpiga chapa alipanga karatasi nene yenye nembo ya ofisi, kaboni (karatasi yenye rangi inayohamisha herufi), karatasi nyepesi, kaboni, karatasi nyepesi nyingine, akaviingiza vyote kwa pamoja kwenye taipureta. Karatasi zikiwa nyembamba, pigo moja la herufi linafika mbali, hata nakala ya nne au ya tano inasomeka. Ile nene ilitumwa, nyepesi zikabaki kwenye faili. Neno "Nakala kwa" unaloliona mpaka leo chini ya barua za serikali lilitokana na kazi hiyo. Nakala utaitambua kwa herufi zake zilizotawanyika kidogo kama zimevaa manyoya, na kwa kukosa saini ya wino. Tatizo lake ni kwamba kaboni imekaa juu juu tu: ukiipitishia kidole inafutika.

Zipo na nyingine, fomu za simu za maandishi na karatasi za stensili za kurudufishia mitihani, ila hizo si nyingi majumbani. Kigoma familia nyingi zina pia fomu za ujumbe za Msalaba Mwekundu, zilizowaunganisha waliokimbia vita na jamaa zao. Ni barua za wazi, zisizofungwa, za habari za kifamilia tu. Karatasi yake si lazima iwe nyepesi, lakini zimekunjwa na kubebwa mifukoni mpaka zimechoka vilevile. Hatua ninazozitaja zinazifaa.

Andaa meza kabla ya kugusa bati

Unahitaji meza pana mbali na jiko na mbali na dirisha linalopitisha upepo. Tandika shuka safi la rangi moja, lisilo na maua, ili kipande kidogo kikianguka ukione. Feni izimwe. Chai na maji vikae chumba kingine.

Vifaa ni hivi: ramu moja ya karatasi nyeupe za A4, na ukipata pakiti iliyoandikwa kuwa haina asidi ndiyo hiyo uichukue, brashi laini ya kupakia poda, mpya, kisu cha mezani kisicho na makali, penseli ya HB, karatasi mbili za manila, moja nyeusi na moja nyeupe, pamba za masikioni, simu yenye kamera nzuri. Kalamu ya wino usiisogeze mezani hata kidogo.

Glavu sizipendekezi. Watu wameona kwenye televisheni wataalamu wamevaa glavu nyeupe, lakini kwa karatasi nyembamba kitambaa kinakunyima hisia ya vidole, na nyuzi zake hunasa kwenye ukingo uliochanika. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, usipake mafuta siku hiyo. Mkono mkavu na safi unatosha.

Na uchague majira. Hili sikulisoma popote, nimelijua kwa kuishi hapa. Tabora mwezi wa nane na wa tisa hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, na karatasi nayo inakakamaa. Mwezi wa kumi na mbili mvua zikishakolea, karatasi ileile inalegea na kukubali kufunguka. Mimi kazi ya kukunjua naifanya asubuhi za masika, na kazi ya kuhifadhi naingoja kiangazi. Ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji walio kando ya ziwa hawana shida ya ukavu, wao adui yao ni unyevu na ukungu.

Fungua bati, lakini usiguse

Piga picha ya bati kama lilivyo. Kila tabaka unalotoa, piga picha kwanza. Mpangilio wa barua ni habari: barua zilizofungwa pamoja kwa uzi zilifungwa na mtu aliyekuwa na sababu. Shangazi alikuwa ameziweka za mwaka mmoja pamoja, na ndani ya bunda la 1977 mlikuwa na barua moja ya 1975. Nilidhani ni kosa. Nilipomuuliza akasema ndiyo aliyokuwa akiirudia kusoma mwaka ule alipougua.

Angalia dalili za wadudu. Unga mwembamba na matundu ya duara ni bungua, wadudu wanaotoboa. Kingo zilizolambwa, hasa penye gundi, ni mende au wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu. Udongo mwekundu ni mchwa, na hapo toa haraka kila kilicho kizima. Ukiona wadudu hai, usipulize dawa. Funga barua ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, ziweke kwenye friza kwa wiki mbili kamili. Ukizitoa, ziache ndani ya mifuko yake siku nzima mpaka zifikie joto la chumba, ndipo ufungue. Ukifungua mapema zitatoka jasho.

Ukiona madoa ya kijani au meusi yenye manyoya, na harufu ya chumba kilichofungwa, huo ni ukungu. Vaa barakoa, fanyia kazi nje kivulini, usipulize kwa mdomo. Acha ukauke kabisa kwanza, kisha fagia taratibu kwa brashi kuelekea mbali nawe. Mwenye pumu kazi hii amwachie mwingine.

Na hapa ndipo pa kusisitiza kuliko pote: usitupe kipande chochote. Chini ya bati kulikuwa na vijipande vingi, vya bluu na vyeupe, vingine vyembamba kama uzi wa kiatu. Vikusanye vyote kwenye bahasha moja na uandike nje kwa penseli vilikotoka. Nitakueleza kwa nini nikifika kwenye kusoma.

Ondoa chuma

Pini za stepla na klipu hupata kutu, na kutu inaila karatasi nyembamba mpaka inatoboka. Usivute. Geuza barua upande ambao miguu ya pini imekunjwa, ingiza kipande chembamba cha plastiki ngumu kati ya pini na karatasi (mimi nakata kwenye folda ya plastiki ya zamani), kisha inua mguu mmoja mmoja kwa ncha ya kisu cha mezani. Plastiki inaikinga karatasi. Geuza tena, ingiza plastiki upande wa mgongo, inua pini. Kama kutu imeganda na kushika nyuzi za karatasi, iache. Tundu utakalolitoboa ni baya kuliko kutu iliyopo.

Kukunjua

Barua nyingi zitafunguka zenyewe ukizipa muda. Weka barua mezani, fungua mkunjo wa kwanza nusu tu, iache. Kesho endelea. Usilazimishe karatasi kulala: ilale ikitaka.

Zile zilizokakamaa zinahitaji mvuke kidogo, lakini kwanza pima wino. Chovya pamba ya sikio kwenye maji, ikamue, gusa nukta moja tu ya mwisho wa sentensi. Pamba ikishika rangi, barua hiyo usiipe unyevu wa aina yoyote. Wino wa kalamu ya kuchovya na ya kujaza hutoka mara nyingi. Wa kalamu ya kawaida ya bei nafuu, yenye kijigololi mbele, huwa hautoki. Jihadhari sana na penseli ile ya zamani iliyopendwa na makarani, inayoonekana ya kijivu lakini ikipata maji inageuka zambarau na kusambaa. Babu alijaza nayo daftari zima.

Wino ukikubali, chukua beseni lenye mfuniko. Tandika chini taulo iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haitoi tone. Juu yake weka bakuli mbili zilizofunikwa kifudifudi, na juu ya bakuli kipande cha wavu safi wa dirisha. Barua ilale juu ya wavu, isiguse taulo wala ukuta wa beseni. Funika. Angalia kila nusu saa. Kati ya saa moja na saa nne karatasi itakuwa imelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Itoe, ikunjue kwa kisu cha mezani, iweke katikati ya karatasi mbili nyeupe chini ya vitabu viwili vizito. Baada ya saa moja badilisha zile karatasi nyeupe, kisha iache ilale hivyo usiku kucha.

Erogramu ambayo ulimi wake bado una gundi isiingie kwenye beseni. Gundi ile ilitengenezwa iamke kwa ulimi wa mtu, na mvuke utaiamsha vilevile, ikajifunga upya. Nakala ya kaboni nayo naiogopea. Hizo zote mbili zingoje masika.

Kama barua imelowa kweli, kwa paa kuvuja au kwa maji ya ziwa kuingia ndani, kanuni ni nyingine. Una kama saa 48 kabla ukungu haujaanza. Karatasi nyembamba ikiwa imelowa haiwezi kubeba hata uzito wake yenyewe, kwa hiyo usijaribu kutenganisha kurasa wala kuinua ukurasa kwa ncha. Nyanyua bunda zima likiwa juu ya wavu au juu ya kipande cha plastiki, liweke kivulini penye hewa, weka karatasi nyeupe juu na chini, ubadilishe zikilowa. Kurasa zikikaribia kukauka zitaanza kuachana zenyewe kwenye pembe. Hapo ndipo unaziachanisha. Ukiwa na barua nyingi kuliko unavyoweza kuzihudumia, zitie kwenye friza zikiwa mbichi, utoe chache chache. Jua usilitumie. Linakausha haraka, ndiyo, lakini linakunja na kufifisha wino.

Usibandike

Selotepu inashika vizuri mwaka wa kwanza. Kisha gundi yake inageuka njano, inapenya mpaka upande wa pili, plastiki inabanduka na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Kwa karatasi nyembamba doa hilo linafanya maandishi ya pande zote mbili yasisomeke. Lamineshini nimekwishasema. Gundi ya maji ya watoto wa shule inakunja.

Barua iliyopasuka vipande viwili ina thamani ileile. Viweke vipande pamoja juu ya karatasi nyeupe, kila kimoja mahali pake, funika na karatasi nyingine. Wataalamu hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, na hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Siku ukimpata, atashukuru kukuta vipande visafi visivyo na selotepu.

Kupiga picha na kusoma

Hii ndiyo hatua ninayoipenda. Weka meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mwanga uingie ubavuni. Flashi izimwe. Simu ishikwe juu, sambamba na barua. Ukiweza itegemeze kwenye rundo la vitabu ili isitikisike. Piga picha mbili za kila upande, mbele na nyuma, na bahasha pia, pande zake zote.

Siri ya karatasi nyembamba iko chini yake. Barua iliyoandikwa pande zote mbili, weka manila nyeusi chini. Karatasi nyeupe ingerudisha mwanga kupitia barua na kukuonyesha maandishi ya nyuma yakipita kinyumenyume katikati ya mistari. Nyeusi inaumeza mwanga ule, na maandishi ya nyuma yanafifia. Nakala ya kaboni iliyoandikwa upande mmoja, fanya kinyume chake: manila nyeupe chini, herufi zinasimama wazi. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima na barua moja ya 1976 kabla sijalijua hili. Siku nilipoweka manila nyeusi niliisoma yote kabla chai haijapoa.

Wino ukiwa umefifia kabisa, ngoja usiku. Laza tochi ya simu nyingine mezani ili mwanga ukwangue uso wa barua kutoka pembeni. Kalamu yenye kijigololi na herufi za taipureta huacha bonde kwenye karatasi, na bonde hubaki hata wino ukiondoka. Zungusha mwanga pande zote nne, piga picha kila upande. Herufi zitainuka kwa vivuli vyake.

Kisha iinue barua mbele ya dirisha uone kama ina alama ya kiwandani iliyo ndani ya karatasi yenyewe, inayoonekana mwanga ukipenya. Alama hiyo, muhuri wa posta na stempu vitakusaidia kujua tarehe pale ambapo mwandishi hakuiandika. Stempu yenye maneno Kenya, Uganda, Tanganyika inakupeleka miaka ya ukoloni au karibu na uhuru. Yenye Kenya, Uganda, Tanzania ni baada ya Muungano wa 1964, na stempu hizo za pamoja zilitumika hadi miaka ya 1970. Usibandue stempu. Stempu iliyobanduliwa haikuambii tena chochote.

Kusoma nako kuna mpangilio. Mwandishi wa erogramu alianza kwa raha, akijua nafasi ni yake. Baba mdogo mwaka 1974 alifungua kila barua kwa maneno tuliyofundishwa sote: "Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Yanakula karibu robo ya karatasi. Kufikia 1976 yamekuwa "Salamu kama kawaida," kisha anaingia kwenye ada, baridi na viatu. Ukishuka chini herufi zinapungua, mistari inabanana, halafu anageuza karatasi na kuandika pembezoni kwa kupanda juu. Habari kubwa iko huko, kwa sababu mtu huikumbuka anapoona nafasi inaisha. Soma eneo la katikati, kisha la chini, kisha pembezoni kwa kuzungusha, na mwisho ndimi zote, hata zile za nje.

Sasa vile vijipande. Erogramu ilifunguliwa kwa kukata pande tatu kwa wembe au kisu, na aliyekata kwa haraka aliondoka na utepe wa karatasi. Barua ya Machi 1975 ilikatika kwenye mstari uliosema "kuhusu ule mzigo mama aliotuma kwa mkono wa". Shangazi aliisoma hivyo miaka yote. Nilichukua tepe za bluu kutoka kwenye bahasha ya vipande, nikazilaza moja moja kandoni mwa barua juu ya manila nyeusi, nikilinganisha ukingo na ukingo. Ya tisa ilikaa. Ilikuwa na upana usiozidi ule wa kidole kidogo, na maandishi ya kalamu ya bluu: "asali imefika, kopo lilivuja nusu, iliyobaki tumegawana watatu."

Nilimsomea shangazi kwa simu. Alinyamaza, kisha akasema mama yake alikufa akidhani asali ile iliibwa njiani.

Kuhifadhi

Kila barua iingie katika karatasi yake: kunja karatasi kubwa nyeupe mara moja kama jalada, barua ilale ndani ikiwa imekunjuliwa. Juu ya jalada andika kwa penseli, kabla ya kuingiza barua, nani kwa nani, tarehe na namba ya picha. Usiandike jalada likiwa na barua ndani. Mkandamizo wa penseli utapita. Majalada ishirini au thelathini yaingie kwenye boksi moja, yalazwe, yasisimamishwe, kwa sababu karatasi nyembamba ikisimama inajikunja kwa uzito wake.

Gazeti lisitumike kufungia. Lina asidi na wino wake unahamia. Zile folda za plastiki laini zenye harufu kali usizitumie pia, hasa kwa nakala za kaboni: joto la kwetu likipanda, plastiki inang'ang'ania herufi na kuzibandua. Mfuko wa plastiki uliofungwa unatunza unyevu ndani, kwa hiyo ni wa safari tu. Majani ya mwarobaini yaliyokaushwa nayaweka ndani ya kifuko cha kitambaa, pembeni ya boksi na si ndani yake, ili mafuta yake yasifike kwenye karatasi.

Boksi likae katika chumba cha ndani, rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nje. Juu ya kabati chini ya mabati joto ni kali mno, na sakafuni ni njia ya mchwa. Kama huna rafu, weka matofali manne na ubao, uache nafasi ya kiganja kati ya ubao na ukuta ili mchwa wakipanda uone njia yao. Bati la zamani usilitupe. La shangazi nimelipiga brashi nikalirudisha juu ya kabati lake likiwa tupu, kwa sababu yeye anataka kuliona pale.

Picha ziwe mahali pawili angalau: kwenye simu na kwenye flashi au kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Kabla ya kuzituma kwenye kundi la familia, waulize waliotajwa ndani ambao bado wapo. Barua za kupendana na za madeni ziliandikwa kwa jicho moja. Kama una nakala za kiofisi, mikutano ya kijiji, chama cha ushirika au misheni, usizikalie peke yako. Wasiliana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla ya kufikiria kuzichoma au kuziuza kwa kilo.

Kagua mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tano mvua zikishakatika, na mwezi wa kumi kabla hazijaanza. Fungua kila boksi, nusa, tazama pembe, geuza majalada mawili matatu ya chini kabisa, kisha funga.